Usiku wa Mtu Mmoja

Siwatu alikifungua kidonda cha kaka yake, akakitazama, na badala ya huruma akapandwa na hasira. Hakumkasirikia Machano. Alikikasirikia kidonda chenyewe, kama mtu anavyomkasirikia mgeni aliyeaga mara tatu na bado amekaa.

Kilikuwa kidonda cha kawaida kabisa. Machano alijikata muundi kwa ukingo wa pipa huko kinuni alikofanya kazi, mkato mfupi kuliko kidole, mkato ambao mama yao enzi za uhai wake angeubandika majani na kuusahau. Tangu hapo kengele zilikuwa zimelia zaidi ya mara mia mbili, na kidonda hakikufunga wala hakikuoza. Kilikaa wazi tu, chekundu, kinalowa, kana kwamba nyama ya mahali pale inangoja amri na mwenye kuitoa hayupo.

"Kinauma?" akauliza Siwatu.

"Hakiumi. Ndiyo maana naogopa." Machano alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kujaza chumba, lakini siku hizo alisema kama anayeongea na shati lake. "Kingeuma ningejua mwili una habari nacho."

Siwatu alikuwa mfunga vidonda katika zahanati ya mji ule. Kazi yake ilikuwa kuosha, kupaka dawa, kufunga, na kuwaambia watu warudi. Nao walirudi. Walirudi na vidonda vilevile, hata akawa anavijua vidonda kuliko nyuso: huyu wa kiwiko, yule wa kisigino, yule mama mwenye jicho la samaki lililotumbuka unyayoni. Walirudi na mafua yasiyoisha. Walirudi na matumbo makubwa juu ya miguu myembamba, na kiu isiyokatwa na maji, na mkojo unaokusanya sisimizi chooni. Akawauliza wanakula nini, wakamtajia vyakula ambavyo babu zao walikula wakafika uzeeni na meno yao. Akawauliza wanakula saa ngapi, wakamtazama kama amewatukana.

Maana katika mji ule hapakuwa na saa ngapi.

Hapo zamani watu wa pale walihesabu saa tangu jua linapochomoza. Saa moja iliitwa moja kwa sababu jua lilikuwa limekwisha kukaa angani kwa muda huo, na hakuna aliyehitaji kuambiwa na mwenziwe. Alitoka nje, akatazama kivuli chake. Na siku haikuanza asubuhi. Ilianza jua likizama, kiasi kwamba ukitaja usiku wa kuamkia Ijumaa, kila mtu alijua ni usiku upi. Giza ndilo lililokuwa mlango wa siku. Kisha akaja Mkuu wa Majira. Hakuna aliyekumbuka alitoka wapi. Alisema hesabu ile ni hesabu ya wavivu, watu wanaosubiri ruhusa ya jua ili wafanye kazi. Akajenga minara kumi na miwili, akaweka juu ya kila mnara taa kubwa kama nyumba. Akajenga kinu cha kukamua mafuta, na moshi wa kinu ukapanda na kutanda juu ya mji kama paa, usipite mwanga wa juu kuja chini wala jicho la chini kwenda juu. Labda huko nyuma ya moshi jua liliendelea na safari zake. Hakuna aliyejua. Chini ilikuwa taa tu, nyeupe, sawasawa, isiyopungua.

Kisha akaleta kengele. Kengele ya kazi, kengele ya chakula, kengele ya kulala. Haikulia kwa mpangilio. Pengine kulala kulifuatiwa na kulala, pengine kazi tatu mfululizo ndipo chakula, pengine uliamshwa ule ilhali hujafumba jicho. Mkuu alisema mpangilio unamfanya mtu azoee, na aliyezoea huanza kufikiri. Basi watu wakaacha kuamkiana kwa kuulizana wameamkaje. Wakawa wanasema, "Habari za kengele?" na mwingine anajibu, "Inalia." Maneno mawili yakapigwa marufuku, jana na kesho, pamoja na majina ya siku. Neno usiku halikuhitaji kupigwa marufuku, lilikufa lenyewe kwa kukosa kitu cha kulibeba.

Na mafuta ya kinu yalikwenda wapi? Yalikwenda minarani. Watu walikamua mafuta ya kuwashia taa, na taa ziliwaka ili watu waweze kukamua mafuta. Siwatu aliliwaza jambo hili mara nyingi akiwa ameinama juu ya beseni, na kila mara lilimkata pumzi, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Hakujua umri wake. Kuna mara aliitazama sura yake kwenye maji akamwona mama yake mzazi. Mara nyingine akaona msichana mdogo mwenye macho mekundu, akataka kumuuliza ni mtoto wa nani. Mwili huu ni wa nani? Ukiambiwa lala ukalala, ukiambiwa njaa ukala, nani anaishi humo ndani? Mpangaji? Mwizi? Au hamna mtu, ni nyumba tu inayowashwa taa?

*

Kilichomfumbua macho kilikuwa mgongo wa Kibwana.

Kibwana alikuwa mpakiaji mapipa. Alimuuliza msimamizi wake mbele za watu, "Jana ulituahidi nini?" na kwa neno hilo moja akachapwa viboko hadi ngozi ikachanika, akatupwa shimoni. Mashimo ndiyo yaliyokuwa gereza la mji, na adhabu yake ilikuwa giza. Hukumu ilisema mfungwa apewe mwanga nusu na giza nusu, kwa kipimo kisichobadilika, ili kila mara ajue anachonyang'anywa. Chakula kilishushwa kwenye mwanga. Kifuniko kikifungwa hakuna kula, hakuna kengele, hakuna sauti.

Alipotolewa alipelekwa zahanati. Siwatu akatayarisha maji ya moto, pamba na mkasi, akijua atakachokikuta: mgongo uliooza. Akamvua shati polepole.

Mgongo ulikuwa umefunga. Makovu yalikuwa yamelala safi, ya rangi moja, kama mishono ya fundi hodari. Akamgeuza. Tumbo lilikuwa limerudi ndani. Macho yalikuwa meupe.

"Walikupaka nini huko?" akauliza.

"Hawakunipaka kitu, Bi Siwatu."

"Usinifiche."

"Nikufiche kwa faida gani?" Kibwana akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyeshiba usingizi, sauti ambayo haikuwa imesikika mjini kwa muda mrefu hata wagonjwa kwenye foleni wakageuka. "Mwanzo nililia. Giza lilinila. Baadaye, sijui lini, nikaanza kujua kifuniko kitafungwa kabla hakijafungwa. Macho yalikuwa mazito yenyewe. Na njaa ilikuja kabla ya kifuniko kufunguliwa, ikanikuta nimekaa nangoja. Mwili ulikuwa unajua, bibi. Mimi sijui, wenyewe unajua."

Siwatu akatupa pamba chini, akaenda moja kwa moja kwa Daktari Fumo.

Daktari Fumo alikuwa mwenye zahanati, mzee mwembamba mwenye darubini ya shaba na woga mwingi. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwapima wafungwa damu ili wasife kabla ya adhabu kwisha. Siwatu alifunga mlango nyuma yake na kumweleza habari ya mgongo. Alitegemea daktari ashangae. Daktari hakushangaa. Alitazama dirisha, akatazama mlango, kisha akavuta mtoto wa meza na kutoa karatasi.

"Tazama," akasema kwa sauti ya chini. "Hizi ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Huwa nazihesabu. Huu ni mstari wa Kibwana, mara sita katika kila mwanga na giza."

Mstari ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Na huu?"

"Huo ni wa watu wa mjini. Wako ishirini humo."

Mistari yao ilikuwa imelala bapa, mmoja juu ya mwingine, kama miili.

Daktari akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyopata nguvu, kwa maana alikuwa mtu aliyekaa na jambo zuri moyoni bila wa kumwambia. Alisema kila chembe ya mwili ina saa yake ndogo ndani, na saa zote hizo husikiliza saa moja kuu iliyo nyuma ya macho, nayo hiyo husikiliza mwanga na giza. Alisema askari wa damu hutoka ndani ya mifupa kwa zamu. Wana saa za kulinda njia, na wana saa za kurudi kwenye matezi yao kuelezana wamekutana na nani. Ngozi nayo ina saa ya kujishona. Ini lina saa ya kupokea na saa ya kufunga milango, na ukilipelekea wali wakati limefunga, sukari hubaki inazurura kwenye damu, inagonga huku na huku, hafungui mtu. "Watu wetu askari wanao, Bi Siwatu. Wengi tu. Lakini hawajui zamu ni ya nani. Wengine wanasinzia adui akipita, wengine wanapiga nyumba zao wenyewe."

"Kwa hiyo giza ndiyo dawa."

"Giza kwa wakati wake. Na mwanga kwa wakati wake. Na chakula kwa wakati wake."

Siwatu aliishika karatasi. Kulikuwa na nyingine chini yake, na nyingine chini ya hiyo, zimeanza kugeuka rangi.

"Daktari, huyu ni mfungwa wa ngapi?"

Daktari alianza kufuta darubini yake.

"Nakuuliza, wa ngapi?"

"Wa tisa."

"Wa tisa!" Sauti ilimtoka hata chupa zikatetemeka rafuni. "Wafungwa tisa! Umekaa na hii mezani, na mimi niko hapo nje naosha vidonda, naosha, naosha, nawaambia watu rudini! Ulijua!"

"Nilihesabu," akasema daktari. "Kujua ni jambo lingine. Anayejua hutakiwa kusema. Nina watoto, Bi Siwatu."

"Wana vidonda?"

Daktari akairudisha karatasi kwenye mtoto wa meza na kuufunga taratibu.

*

Haikupita kengele ya nne, Siwatu akaitwa kwa Mkuu wa Majira. Mkuu alikuwa amekanyaga kioo, na mfunga vidonda wake wa siku zote alikuwa amelazwa kwa kiu na miguu kuvimba.

Alipitishwa malango matatu, kila lango lina walinzi wanene, wanaopumua kwa taabu, wenye plasta shingoni na vidoleni. Kisha mlango wa ndani ukafunguliwa, akaingia, na hakuona kitu.

Alidhani amepofuka. Alinyoosha mkono, akashika kitambaa kizito kama godoro, pazia jeusi juu ya pazia jeusi. Hewa ilikuwa ya baridi. Kulikuwa na kitu masikioni mwake ambacho alichelewa kukitambua, na kitu hicho kilikuwa kutokusikia kengele. Nyuma ya macho yake kitu kilichokuwa kimekaza tangu hajui lini kikaanza kulegea, na machozi yakamtoka bila kulia.

"Umezoea mwanga," ikasema sauti kutoka kitandani, sauti changa, ya mtu mwenye afya. "Ngoja. Nitawasha mshumaa."

Mkuu wa Majira alikuwa na ngozi nyororo kama ya mtoto. Hakuwa na tumbo. Ukutani palikuwa na saa, saa ya zamani, inayohesabu tangu jua linapochomoza, na mezani sahani moja iliyofunikwa, ikingoja wakati wake. Siwatu aliosha mguu, akatoa kipande cha kioo, akafunga. Mkato ulikuwa mrefu kuliko wa Machano na wenye kina zaidi. Alirudi mara ya pili, ulikuwa umeshikana. Aliporudi mara ya tatu hakukuwa na cha kufunga. Alikaa sakafuni ameshika ule unyayo mzima, mwekundu, na hasira ikampanda kutoka kwenye nyonga hadi kooni, hasira isiyo na kelele, nzito kama maji yaliyojaa pipa.

"Mheshimiwa unalala usiku," akasema.

Hilo neno halikumshtua. "Nautunza," akajibu. "Haukufutwa, kama mnavyodhani. Kitu kama hicho hakifutwi. Kilihitaji mtu wa kukitunza."

"Uukabidhi kwa watu."

"Wataufanyia nini? Watalala." Alivuta mguu wake akautazama kwa mapenzi. "Sikiliza, mama. Ukimnyang'anya mtu shamba lake, atakumbuka mpaka wake ulipopita, na watoto wake watakumbuka. Ukimnyang'anya saa zake, hajui hata aliibiwa lini. Mtu mwenye saa yake ndani ya mwili haamriki. Unamwambia kula, anasema sina njaa. Unamwambia amka, anasema bado. Nitatawala nini hapo?"

"Nina kaka yangu," akasema Siwatu, na alijichukia kwa ile sauti ya kuomba iliyomtoka. "Ana kidonda mguuni. Nakuomba kona moja tu humu ndani. Sakafuni. Hatapiga kelele."

Mkuu akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyesikia kitoto kinasema jambo la kuchekesha. "Akitaka giza, gereza lipo."

*

Siwatu alilibeba neno lile mpaka nyumbani kama kaa la moto kiganjani, na hakulitupa. Alimweleza Machano yote: mgongo wa Kibwana, karatasi za daktari, unyayo wa Mkuu. Machano alisikiliza huku amefumba macho. Siwatu alipomaliza, kaka yake aliinuka, akachukua fimbo yake, akachechemea hadi chini ya kengele kuu mahali watu walipojipanga kwa zamu. Akaijaza hewa kwa sauti yake ya zamani.

"Jana!" akapaza. "Jana! Kesho! Kesho kutwa! Usiku wa kuamkia Ijumaa!"

Watu walijiziba masikio. Wengine walilia bila kujua wanalilia nini. Walinzi wakamkamata, na mbele ya zamu ile, akishushwa shimoni, alimkonyezea dada yake.

Siwatu alikuwa na ruhusa ya kuingia kufunga wafungwa vidonda. Kila alipokwenda alikuta kidonda cha Machano kimepungua. Kilikuwa kidole, kikawa jani dogo, kikawa kucha. Nyama mpya ilikuwa inatambaa kutoka pembeni, ya waridi, inajua inakokwenda. Na Machano alianza kusimulia mambo.

"Nimeota, Siwatu."

"Umefanya nini?"

"Nimeota ndoto. Mama alikuwa uani ananiita nikale, na mimi nasema naja, naja, na siendi." Akacheka huku anafuta macho. "Nilisahau kama kichwa kinaweza kufanya vile chenyewe, bila kulipiwa na mtu."

Siwatu hakuweza kunyamaza. Alimwambia mama wa jicho la samaki. Alimwambia mzee wa kiwiko. Alimwambia kila aliyefika na kidonda, kwa kunong'ona, huku anafunga. Haukupita muda watu wakawa wanajipanga mbele ya lango la gereza kama wanavyojipanga kwenye mgawo wa mchele. Bibi mmoja mwenye miguu iliyovimba alimshika mlinzi shati na kumuuliza, "Mwanangu, nitukane nini ili nipate miezi mitatu?" Mwingine alisimama chini ya mnara akitaja siku zote saba za juma kwa utaratibu, na alipofika Alhamisi akafungwa pingu, akashukuru.

Ndipo Mkuu wa Majira alipotambua kuwa watu wanamwibia. Hakuongeza viboko. Alitoa amri ndogo tu, yenye maneno machache: mashimoni ziwekwe taa, na kengele moja kwa kila shimo. Wafungwa wote wabaki walimo.

Kidonda cha Machano kilikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi taa ilipowashwa.

Siwatu alikishuhudia kikifunguka. Nyama ile ya waridi ilisimama, ikapoteza njia, ikayeyuka. Kikarudi kuwa kucha, kikawa jani, kikawa kidole, na safari hii hakikuishia hapo. Mguu ulipata moto. Mstari mwekundu ukapanda pajani. Machano akawa anatetemeka chini ya taa inayowaka usoni pake, kengele inalia, chakula kinashushwa, anaambiwa kula, anakula, anatapika, anaambiwa lala, hawezi, anaambiwa amka. Siwatu alivua kanga yake akamfunika macho. Mlinzi akamwamuru aiondoe.

"Ina nini kanga?" akamuuliza mlinzi. "Ni kitambaa tu! Ina nini?"

"Amri, mama."

"Ya nani? Ana mguu mzima aliyeitoa. Wewe je, hapo shingoni una nini?"

Mlinzi akashika plasta yake. Lakini kanga aliivuta.

Machano alikufa kati ya kengele mbili, hajasema kitu, macho wazi. Ilibidi Siwatu amfumbe kwa mkono wake, na hata hivyo mwanga ulipita kwenye kope na kuzifanya nyekundu, kana kwamba kwa ndani bado anaamshwa.

*

Hakulia. Baadaye watu walisema alikuwa na moyo mgumu, na hawakuwa wamekosea, ndivyo hasira inavyofanya ikikosa pa kutokea. Alipanda kutoka shimoni, akafika zahanati ambako foleni ilizunguka jengo, akapanda juu ya benchi la wagonjwa.

"Nisikilizeni," akasema. "Nimewadanganya kwa kuwaosha. Nimewapaka dawa kana kwamba wenye ubovu ni nyinyi. Hamna ubovu. Mmeibiwa. Usiku haukufutwa, uko nyumbani kwa mtu mmoja, umekunjwa chumbani kwake, na mimi nimesimama ndani yake kwa miguu yangu. Una baridi. Hauna kengele. Unatutosha sote. Nakwenda kulala. Anayetaka anifuate, na asichukue panga wala jiwe. Achukue mkeka."

Kibwana ndiye aliyetoka wa kwanza kwenye foleni. Kisha bibi wa miguu. Walikuwa kama arobaini walipoondoka zahanati, na walipofika lango la kwanza hawakuhesabika. Walikwenda polepole kwa kuwa wengi wao walichechemea. Mikeka begani, mito kwapani, mama mmoja na chandarua. Kengele ya kazi ililia, hakugeuka mtu.

Mkubwa wa walinzi alisimama mbele ya lango ameinua rungu. Jasho lilimtiririka.

"Ni kweli?" akauliza. "Uko mle ndani?"

"Nyuma ya lango la tatu. Mapazia mawili."

"Mimi nina kidonda kisiginoni," akasema, akishusha rungu. "Nakivalia kiatu kisionekane."

"Basi vua kiatu uingie."

Wakaingia. Walijaza chumba, wakajaza ukumbi, wakavuta mapazia wakayatundika hadi kwenye ngazi na uani, wakalala popote mkeka ulipopata nafasi. Mkuu wa Majira alikuwa kwenye chakula chake cha wakati wake. Alitoka na kitambaa cha mkono shingoni akapiga kelele. Amkeni! Akawaita walinzi kwa majina yao. Walinzi walikuwa wanakoroma. Alimtikisa huyu, akamvuta yule mguu, na kila aliyemvuta alijigeuza upande wa pili kama mtu aliye kwake. Akakimbia hadi kwenye kengele kuu akaivuta mwenyewe, kwa mikono ile nyororo, mpaka kamba ikamchuna viganja. Ililia, na watu wakaendelea kulala.

Taa hakuna aliyezizima. Watia mafuta wa minarani walisikia mji umenyamaza, wakashuka kuuliza kuna nini, wakaonyeshwa mikeka. Mnara wa kwanza ulififia, ukawa wa rangi ya yai, ukafa. Wa pili ukafuata. Kinu kilisimama kwa kukosa mikono. Giza likaingia mjini taratibu, kupitia vichochoro, chini ya milango, juu ya mapipa, likamfikia Mkuu wa Majira pale alipokuwa, nalo lilikuwa la kila mtu, asijue afanye nalo nini. Walisema alikaa chini ya kengele akipuliza viganja vyake.

Siwatu hakulala. Alishuka shimoni na Kibwana na mshumaa mmoja, wakamtoa Machano, wakamlaza zahanati juu ya meza ile ile aliyofungia vidonda vya watu. Akamwosha. Alianza na uso, akamaliza na mguu, na mguu aliuosha kwa muda mrefu.

Daktari Fumo alikuwa amekaa pembeni na cheti cha kifo, kwa sababu sheria ilitaka cheti. Kalamu yake ilikwaruza. Penye umri aliacha wazi. Penye tarehe aliacha wazi. Penye sababu aliandika, akapuliza wino.

"Umeandika nini?" akauliza Siwatu bila kugeuka.

"Kidonda cha mguu."

"Futa."

"Bi Siwatu, kitaalamu ndicho—"

"Futa, Daktari."

Akafuta. "Niandike nini?"

Siwatu alikamua kitambaa, maji yakadondoka kwenye beseni. "Andika aliuawa kwa kunyimwa usiku na mtu aliyekuwa nao. Andika na jina la mtu huyo. Halafu karatasi zako zile za wafungwa tisa, zitoe zote uzibandike hapo chini, moja baada ya moja."

Daktari aliandika. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza akakisogeza cheti karibu na mshumaa ili asome, na Siwatu akasoma neno kwa neno, midomo ikicheza.

"Hapa chini umeacha pengo," akasema.

"Ni pa sahihi."

"Basi tia. Jina lako lote."